Ruzuku ya Gari la Zimamoto: Fedha Hutoka Wapi, na Kazi Hubaki ya Nani?

Nyumba ikishika moto Nyamasaria, kitongoji kilichoko mashariki ya mji wa Kisumu kando ya barabara kuu iendayo Ahero na Nairobi, swali la kwanza watu wanalouliza ni hili: gari la zimamoto liko wapi? Swali la pili huja baadaye, moto ukiisha kuzimwa, au ukiisha kuteketeza ulichotaka. Hapo watu huuliza: kwa nini vifaa vya kuokoa watu ni vichache, na zile fedha za msaada zilizotangazwa zilikwenda wapi?

Swali hilo la pili ni la haki, nalo lastahili kujibiwa kwa utaratibu. Wako wanaodhani kwamba ruzuku ni zawadi inayotoka Ulaya au Marekani, na kwamba gari jipya likiisha kufika na kupigwa picha, shida imekwisha. Wengine hudhani kwamba fedha zikichelewa, basi lazima zimeibwa. Mawazo hayo mawili yana upungufu. Makala haya yaeleza ruzuku ni nini, hupita njia gani mpaka kufika mjini, na ni kazi gani inayobaki baada ya gari kununuliwa.

KAZI YA ZIMAMOTO NI YA NANI?

Kwanza yafaa ijulikane kazi hii ni ya nani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, iligawa kazi kati ya Serikali ya Taifa na serikali za kaunti. Huduma za zimamoto na udhibiti wa maafa zimetajwa miongoni mwa kazi za kaunti, na magari ya kubebea wagonjwa vilevile. Kwa hiyo mtu wa Nyamasaria anayetaka kujua habari za gari la zimamoto asielekeze swali lake Nairobi kwanza. Mlango wa kubisha ni wa Kaunti ya Kisumu, pamoja na Bodi ya Jiji, kwa maana Kisumu ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2001, miaka 100 tangu reli ilipofika ufukoni mwa ziwa.

Kaunti hupata fedha zake kwa njia tatu zilizo kubwa. Ya kwanza ni mgao wa mapato ya taifa. Katiba yasema kwamba kaunti zote pamoja zisipewe chini ya asilimia 15 ya mapato hayo. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22 mgao wa Kisumu ulikuwa takriban shilingi bilioni 8. Njia ya pili ni ada na kodi zinazokusanywa na kaunti yenyewe, kama vile leseni za biashara, ada za masoko na kodi za viwanja. Njia ya tatu ni ruzuku.

Mgao wa bilioni 8 huonekana kuwa fedha nyingi sana. Lakini hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta watu 1,155,574 katika kaunti nzima. Ukigawanya, kila mtu hupata kiasi cha shilingi 7,000 kwa mwaka, na katika hizo mwatoka mishahara ya wauguzi na madaktari, dawa, barabara, maji, shule za chekechea na kazi nyingine nyingi. Ndiyo sababu jambo lenye gharama kubwa ya mara moja, kama gari la zimamoto, mara nyingi hungojea ruzuku.

RUZUKU NI NINI?

Ruzuku ni fedha anazopewa mtu au serikali bila ya kutakiwa kuzirudisha. Hapo ndipo inapotofautiana na mkopo. Lakini kutorudishwa hakuna maana ya kutokuwa na masharti. Ruzuku nyingi zipewazo kaunti ni ruzuku zenye masharti: hutolewa kwa kazi iliyotajwa, kwa muda uliotajwa, na anayepokea hana ruhusa ya kuzitumia kwa kazi nyingine, hata kama kazi hiyo nyingine ni njema.

Mfano mzuri ni Mpango wa Kusaidia Miji ya Kenya. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola za Marekani milioni 300 kwa mpango huo, kwa faida ya miji ya kaunti 45, yaani kaunti zote isipokuwa Nairobi na Mombasa. Kazi zilizoruhusiwa zilitajwa waziwazi: uondoaji wa taka, mifereji ya maji ya mvua, barabara za mjini na taa zake, masoko na majengo ya faida kwa umma, na tano, zimamoto na udhibiti wa maafa. Basi mji uliotaka kujenga kituo cha zimamoto au kununua gari lake uliweza kutumia fedha hizo.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Zile dola milioni 300 zilikuwa mkopo kwa Serikali ya Taifa. Serikali ya Taifa ndiyo iliyozikopa, kisha ikazitoa kwa kaunti kama ruzuku. Kwa kaunti hazirudishwi. Kwa nchi ni deni, na deni hulipwa kwa kodi ya kila mwananchi, hata yule anunuaye sukari robo kilo dukani Nyamasaria. Kwa hiyo gari lililonunuliwa kwa ruzuku ya namna hii si zawadi ya mgeni. Mwananchi atalilipa, ila atalilipa polepole na kwa mkono wa mwingine. Ana haki ya kuuliza habari zake kama mtu anavyouliza habari za ng'ombe wake aliyempa jirani amchunge.

NJIA YA FEDHA

Watu wakisikia kwamba fedha zimekubaliwa, hutazamia kuona gari mwezi ujao. Lakini njia ni ndefu, na kila kituo katika njia hiyo kiliwekwa kwa sababu.

Kwanza, anayetoa fedha na Hazina ya Taifa huandikiana mkataba. Pili, Bunge la Taifa na Seneti hupitisha sheria ya mgao wa nyongeza kwa kaunti, nayo hutaja kila kaunti itapata kiasi gani na kwa kazi ipi. Sheria hiyo ikichelewa, fedha nazo huchelewa, hata kama ziko tayari benki. Tatu, kaunti yenyewe lazima iingize fedha hizo katika bajeti yake, na Bunge la Kaunti liipitishe. Nne, hakuna shilingi itokayo katika mfuko wa kaunti bila ya idhini ya Msimamizi wa Bajeti. Tano, hutangazwa zabuni kwa kufuata sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015, ili wauzaji washindane na bei isiwe ya kupangwa chumbani. Mwisho, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huja kutazama kama kilichonunuliwa ndicho kilichoandikwa.

Tena yako masharti ya kutimizwa kabla ya hayo yote. Katika mpango ule wa mwaka 2017, mji ulitakiwa uwe na hati ya kuutambua, bodi iliyoteuliwa, meneja wake, na fungu lake katika bajeti. Kila mwaka kazi ya mji ilipimwa, na uliofanya vibaya ulijiweka katika hatari ya kukosa fedha za mwaka uliofuata. Hivyo mji waweza kukosa gari la zimamoto hali hakuna mwizi yeyote. Yatosha bodi kutoteuliwa kwa wakati, au karatasi moja kulala mezani mpaka mwaka wa fedha ukafungwa tarehe 30 Juni.

Tena ikumbukwe kwamba kaunti ndiyo ichaguayo katika zile kazi tano. Barabara na taa huonekana kila siku, na anayezijenga husifiwa kila siku. Gari la zimamoto huonekana siku ya msiba tu. Ikiwa wananchi hawakulitaja katika mikutano ya bajeti, si ajabu kama likiachwa mpaka mwaka mwingine.

TANGI LA DAKIKA TANO

Sasa natuseme gari limenunuliwa. Je, Nyamasaria imeokoka? Tufanye hesabu ndogo. Gari lenye tangi la lita 5,000, ambalo pampu yake inatoa lita 1,000 kwa dakika, litakwisha maji kwa dakika 5. Baada ya hapo ni lazima lipate maji mengine: kutoka kwa gari la pili, au kutoka kwa mabomba maalumu ya zimamoto yaliyofukiwa kando ya barabara. Pasipo mabomba hayo, au yakiwa makavu, dereva hulazimika kuondoka kwenda kutafuta maji, na moto humsubiri bila ya kupumzika. Watazamaji huona gari likiondoka nao hukasirika, pengine hulirushia mawe, wakidhani kwamba wazimamoto wamekimbia.

Aina ya moto nayo hutaka kifaa chake. Barabara za Kisumu zina magari mengi ya mafuta, kwa kuwa mwaka 1994 bomba la mafuta lilifikishwa hapa, na kutoka hapa mafuta huenda magharibi ya Kenya na nchi za jirani. Petroli ni nyepesi kuliko maji. Ukiumwagia maji moto wa petroli, maji hushuka chini, petroli huelea juu ikiwaka, na hutiririka pamoja na maji kwenda kwenye nyumba za watu. Moto huo huzimwa kwa povu maalumu linaloufunika. Povu hilo hununuliwa, huhifadhiwa, na huharibika likikaa mno. Ruzuku yaweza kununua pipa la kwanza. Pipa la pili ni la bajeti ya kaunti.

Hatari hii si ya kubuni. Mwezi Julai mwaka 2021, pale Malanga katika Kaunti ya Siaya, kando ya barabara ya Kisumu na Busia, lori la petroli liligongana na gari jingine likaanguka. Watu walikwenda na madumu kuchota mafuta yaliyomwagika, na moto ukalipuka. Watu wasiopungua 13 walikufa. Mwaka 2009 huko Sachangwan, karibu na Molo, jambo kama hilo liliua watu zaidi ya 100. Gari la zimamoto lililo bora kuliko yote haliwezi kumwokoa mtu aliyesimama katikati ya petroli na dumu mkononi.

Wala maafa ya Nyamasaria si ya moto peke yake. Kitongoji hiki kiko ukingoni mwa uwanda wa Kano, ambako mito itokayo milima ya Nandi hufurika wakati wa masika. Mwaka 2020 maji ya ziwa yenyewe yalipanda kufikia kiwango ambacho hakikuonekana tangu mwaka 1964, na mwaka 2024 mafuriko yalirudi tena. Kwa siku kama hizo kinachotakiwa ni mashua, majaketi ya kuelea, kamba, mahema na pampu za kutoa maji. Na kwa ajali za barabarani, kama ile ya Agosti 2025 penye mzunguko wa Coptic, ambapo zaidi ya watu 20 waliokuwa wakitoka mazishini walikufa, kinachotakiwa ni mashine za kukatia chuma na magari ya wagonjwa. Anayeandika maombi ya ruzuku hana budi kupima yote haya, asiandike neno "gari" peke yake.

FUNDISHO LA MITAMBO YA HOSPITALI

Kenya imekwisha kupata fundisho juu ya vifaa. Mwaka 2015 Serikali ya Taifa ilianzisha mpango wa kukodisha mitambo ya kisasa kwa hospitali 98: mbili katika kila kaunti na nne za taifa. Ilikuwa mitambo ya picha za mwili, ya kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo, ya vyumba vya upasuaji na ya wagonjwa mahututi. Hospitali nyingi zilifaidika, na wagonjwa wa figo waliokuwa wakisafiri mbali walitibiwa karibu na kwao. Lakini mahali pengine mitambo ilikaa bila ya kazi, kwa sababu hapakuwa na umeme wa kutosha, au maji, au chumba kinachofaa, au mtu aliyefundishwa kuitumia. Fedha za kukodisha ziliendelea kukatwa hali mitambo imelala. Jambo hilo lilifika mpaka Seneti, ambayo iliunda kamati ya kulichunguza, na taarifa yake ikatolewa mwaka 2020.

Gari la zimamoto laweza kupatwa na hali ile ile. Ruzuku ya miji ilikuwa ya ujenzi na ununuzi wa mali. Haikuwa ya kulipa mishahara. Kwa hiyo dereva, wazimamoto wa zamu ya mchana na wa zamu ya usiku, mafuta ya dizeli, magurudumu, mipira ya maji, bima, na mafunzo ya kila mwaka, vyote hulipwa na kaunti kutoka katika mapato yake. Gari likiharibika kwa kukosa kifaa kidogo, likawekwa juu ya mawe nyuma ya kituo, hakuna ruzuku itakayokuja kwa ajili ya kifaa hicho. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wengine huuliza: je, Mfuko wa Dharura wa kaunti hauwezi kulipia haya? Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 yaruhusu kaunti kuwa na mfuko huo, lakini kwa mambo ya haraka ambayo hayakuweza kutazamiwa, na kwa mwaka mmoja malipo yake yasizidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti. Moto si jambo lisilotazamiwa. Kila mwaka nyumba huungua, na kila mwenye akili ajua kwamba mwaka ujao nyingine zitaungua. Kwa hiyo matunzo ya zimamoto mahali pake ni katika bajeti ya kawaida.

MASWALI YA KUULIZA BARAZANI

Katiba yataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma, na kila mwaka kaunti huita mikutano ya kusikiliza maoni juu ya bajeti. Mikutano hiyo mara nyingi huwa na watu wachache. Mwenye duka, mwenye karakana ya mbao, mama wa soko na mwendesha bodaboda wa Nyamasaria wakihudhuria, na wakauliza maswali yafuatayo kwa adabu na kwa kusisitiza, watakuwa wamefanya kazi kubwa kuliko kulaumu siku ya moto.

1. Ruzuku iliyopokewa mwaka huu ni kiasi gani, na imetajwa kwa kazi ipi?

2. Kama gari litanunuliwa, ni shilingi ngapi zimetengwa katika bajeti ya kaunti kwa dizeli, matengenezo na mishahara ya wazimamoto?

3. Gari litajaza maji wapi upande wetu wa mji, na ni nani anayepima mabomba ya zimamoto kuona kama yanatoa maji?

4. Ni wazimamoto wangapi walio kazini usiku, na walifundishwa lini mara ya mwisho?

5. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alisema nini juu ya vifaa vilivyonunuliwa mwaka uliopita?

Taarifa za Mkaguzi Mkuu na za Msimamizi wa Bajeti si siri. Hutangazwa kwa umma, na mwenye kujua kusoma aweza kuwasomea wenzake.

SEHEMU YA MWANANCHI

Iko sehemu ambayo hakuna fedha inayoweza kuinunua. Katika muongo wa 2010 barabara kuu kutoka Nyamasaria kupita Kisumu hadi Kisian ilipanuliwa kwa fedha zilizotoka Benki ya Dunia. Gari la zimamoto laweza kufika njia panda upesi. Lakini kutoka barabara kuu kuingia mitaani, mara nyingi njia imebanwa na vibanda, marundo ya mchanga, au ukuta uliosogezwa mbele usiku. Kila aliyeiba hatua mbili za njia ajue kwamba ameiba pia dakika za jirani yake, na pengine za watoto wake mwenyewe.

Wenye maduka na karakana na waweke kizimamoto cha mkono na ndoo za mchanga. Moto wa umeme usimwagiwe maji. Kwanza zima umeme. Mafuta yakishika moto jikoni, funika sufuria kwa kifuniko au kwa kitambaa kizito kilicholowa na kukamuliwa. Petroli ikimwagika barabarani, ondoka, na uwaondoe watoto. Msaada huitwa kwa namba 999 au 112, na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya kwa namba 1199. Anayepiga simu ataje mahali kwa alama inayojulikana, kama kanisa, shule au kituo cha mafuta, aseme kinachowaka ni nini, na kama kuna watu ndani. Kisha mtu mmoja asimame barabarani kuwaongoza wazimamoto, na wengine waweke njia wazi.

Mpango wa pili wa kusaidia miji umekwisha kufuata ule wa kwanza, na ruzuku nyingine zitakuja kwa miji ya Kenya, Kisumu ikiwamo. Fedha hizo zitanunua chuma na mpira. Kama chuma hicho kitakuwa na maji ndani yake, dereva mbele yake na njia wazi ya kupita siku kitakapoitwa Nyamasaria, hilo litategemea bajeti itakayopitishwa kabla ya siku hiyo, na watu watakaokuwa wamekwenda kuizungumza.